Barakoa kwanza, picha baadaye

Haya wasomaji wangu, leo sina habari ya programu mpya wala simu mpya. Leo nataka kubishana. Anayeishi Ukunda, Diani, Msambweni au popote kwenye barabara ya Lunga Lunga atanielewa haraka, na aliye mbali avute kiti, kwani jambo lenyewe linamhusu hata yeye.

Kuna ugonjwa mpya wa mapenzi hapa pwani ya kusini. Mtu anaona video kwenye simu: ukumbi wa mji fulani Ulaya unayeyuka, nguzo zinacheza, madirisha yanaota maua, yote kwa mwanga wa projekta. Asubuhi yake anampigia simu kijana anayejua kompyuta. "Nataka ukuta wetu wa baharini ufanye hivyo hivyo. Harusi ni Jumamosi." Kijana anaingia mtandaoni, ananunua video iliyo tayari, anakodi projekta Mombasa, anavuka nayo Likoni, anaielekeza ukutani. Saa mbili usiku maua yanaota ukutani kweli. Yanaota pia juu ya minazi, juu ya paa la makuti la jirani, na usoni mwa wazee wa bibi harusi. Watu wanapiga makofi kwa adabu, na mwenye hoteli anajisemea moyoni kwamba mara ijayo ataleta watu kutoka Nairobi.

Maoni yangu nayasema mapema ili asiyekubali aanze kukasirika sasa hivi: tatizo la kazi hizi si projekta ndogo wala video mbaya. Tatizo ni barakoa. Na barakoa haiwezi kununuliwa ikiwa tayari. Lazima itengenezwe hapa, mbele ya ukuta wenyewe, na mtu anayejua mahali hapo.

Kwanza, barakoa ni nini?

Wenye kazi huiita mapingi. Mimi naiita kuvisha jengo mwanga. Badala ya kurusha picha kwenye kitambaa cheupe cha mstatili, unairusha kwenye jengo lenye pembe, nguzo, matao na madirisha, na unaikata picha ili ilingane na jengo hilo tu. Anayeikata ni picha nyingine, ya nyeusi na nyeupe, yenye ukubwa ule ule wa picha ya projekta. Penye nyeupe mwanga unapita. Penye nyeusi mwanga unazuiwa. Penye kijivu unapita kiasi. Kwa hesabu ni kuzidisha tu: thamani ya kila pikseli ya video inazidishwa na thamani ya pikseli ya picha ile, ambapo nyeusi ni 0 na nyeupe ni 1. Ndiyo yote.

Neno "barakoa" nimelichagua makusudi. Tangu mwaka 2020 kila mtu analijua kwa sababu ya korona, lakini bibi zetu wa pwani walilijua kabla: ni kile kifuniko cha uso cha wanawake wa Uarabuni, kinachofunika uso na kuacha macho. Kazi yake ni kuamua nini kionekane na nini kisionekane. Hakuna neno linalofaa zaidi. Wale wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 walitufundisha kwamba Kiswahili hakishindwi na kompyuta, kinashindwa na uvivu wetu tu. Basi nami nimechangia neno.

Na msidhani ni mambo ya jana. Mwaka 1952 Paul Robert-Houdin alionyesha hadithi kwa sauti na mwanga kwenye kasri la Chambord, Ufaransa. Mwaka 1961 maonyesho ya namna hiyo yakaanza kwenye piramidi za Giza, Misri. Mwaka 1969 Disney walirusha filamu za nyuso za waimbaji juu ya sanamu za vichwa, nazo sanamu zikaonekana zinaimba. Na mwaka 2001 Ramesh Raskar na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliandika jinsi kompyuta inavyoweza kupaka rangi ya mwanga juu ya kitu chenye umbo, kila upande mahali pake. Ukiangalia vizuri, wote hao walihangaika na swali moja: mwanga uishie wapi?

Msanii Michael Naimark alilijibu kwa ujanja katika kazi yake ya miaka ya 1980. Alipiga filamu chumba chenye samani, kisha akapulizia kila kitu chumbani rangi nyeupe, halafu akairudisha filamu ile ile juu ya vitu vile vile. Chumba kikawa skrini ya nafsi yake. Ni kazi nzuri sana, ila sisi hapa hatuna ruhusa ya kupaka mbuyu chokaa.

Jicho la projekta

Sasa kosa ninaloliona kila mara. Fundi anapiga picha ya jengo kwa simu, anakwenda nyumbani, anafungua GIMP, anachora barakoa nzuri ajabu usiku kucha, madirisha yote yamekatwa kwa wembe. Kesho yake anairusha na hakuna kinacholingana. Anavuta pembe hii, ile inaharibika. Anavuta ile, hii inakimbia.

Sababu ni kwamba simu ilisimama mahali pengine na projekta imesimama pengine. Ukuta ulio bapa kabisa ungesamehe jambo hilo, kwani pembe nne tu zinatosha kuirekebisha picha nzima. Wanahisabati huita homografia. Lakini jengo lenye nguzo iliyojitokeza halisamehe. Fanya hesabu nami. Projekta iko mita 20 kutoka ukutani. Simu ilikuwa mita 2 pembeni yake. Nguzo imejitokeza nusu mita. Ukilinganisha ukuta vizuri kabisa, ukingo wa nguzo utakuwa umekosea kwa sentimita 5 hivi. Picha yako ikiwa na upana wa mita 12 na pikseli 1920, kila pikseli ni milimita 6.25, kwa hiyo umekosea pikseli 8. Mstari wa mwanga wa sentimita 5 kwenye ukuta ulio nyuma ya nguzo unaonekana hata na mlevi.

Kanuni basi ni moja: barakoa ichorwe kwa jicho la projekta. Na njia za kuona kwa jicho hilo ni mbili.

Ya kwanza ni ya gharama ya fikra. Projekta inarusha milia ya nyeusi na nyeupe, minene kwanza, kisha inazidi kuwa myembamba, na kamera iliyotulia inapiga picha kila mara. Mpangilio wa milia hufuata msimbo wa Gray, uliopewa jina la Frank Gray wa maabara za Bell. Uzuri wake ni kwamba namba mbili zinazofuatana hutofautiana kwa biti moja tu, kwa hiyo kosa dogo la kusoma kwenye mpaka wa milia halikutupi mbali. Kwa projekta ya 1920 kwa 1080 unahitaji picha 11 za upana na 11 za urefu. Ukipiga na kinyume cha kila moja ili usidanganywe na rangi ya ukuta, zinakuwa 44. Baada ya hapo kompyuta inajua kila pikseli ya projekta inaangukia pikseli gani ya kamera, na ile picha uliyopiga unaweza kuigeuza iwe kama ilipigwa kutoka ndani ya lensi ya projekta. Maktaba huria ya OpenCV ina sehemu ya kazi hiyo. Haikugharimu shilingi.

Ya pili naiita njia ya maskini, nami naipenda kuliko ya kwanza. Unaunganisha kompyuta na projekta, unaifanya skrini nzima iwe nyeusi, unaacha msalaba mweupe wa kipanya tu. Unausogeza msalaba ukutani hadi ukingo wa dirisha halisi, unabonyeza. Ukingo unaofuata, unabonyeza. Mwenzako amesimama karibu na ukuta anakupigia kelele, "Kushoto kidogo! Hapo hapo! Umepita!" Unachora umbo juu ya jengo lenyewe, siyo juu ya picha yake. Barakoa inayotoka haiwezi kuwa na kosa la mahali pa kamera kwa sababu kamera haikuwepo. Jengo la nguzo sita na madirisha nane humaliza usiku mmoja. Programu ya kufanya hivyo anaweza kuiandika kijana yeyote aliyejifunza Python kwa miezi michache, na asiyetaka kuandika atumie MapMap, ambayo ni huria.

Tena ukishalinganisha, usiguse stendi! Projekta ikigeuka sehemu moja ya kumi ya nyuzi, kwa mita 20 picha inahama sentimita 3.5, yaani karibu pikseli 6. Na sisi tunasimamisha stendi wapi? Juu ya mchanga. Mchanga wa Diani ni laini kama unga, unazama polepole mtu akipita karibu. Kwa hiyo chimba, weka tofali chini ya kila mguu, na umpe mtoto mmoja kazi ya kuwafukuza wapiga picha.

Weusi wa projekta si giza

Hapa ndipo wengi wanaponikatalia, kwa hiyo nakwenda taratibu.

Ukiweka nyeusi kwenye barakoa, projekta haizimi mwanga mahali hapo. Inauzuia tu, na huzuia kama mlango wa mbao uliopinda: mwanga kidogo unavuja. Chukua projekta ya lumeni 5000, picha ya mita 12 kwa 6.75. Eneo ni mita za mraba 81, kwa hiyo penye nyeupe unapata luksi 62 hivi. Tofauti ya nyeupe na nyeusi ikiwa mara 1000, basi penye nyeusi inavuja luksi 0.06. Utasema si kitu. Mwezi mpevu ukiwa juu angani hutoa kama luksi 0.25. Maana yake ile "nyeusi" yako ni robo ya mbalamwezi, yenye umbo la mstatili, na ncha nne kali. Usiku wa giza la Kinondo au Msambweni, mbali na taa za barabarani, jicho lililozoea giza linauona mstatili huo bila shida. Uchawi wote umeisha: mtazamaji hajaona jengo linalocheza, ameona televisheni kubwa.

Dawa ipo na ni ya kadibodi. Kata kadibodi nyeusi, isimamishe mbele ya lensi, izuie sehemu ambayo hutaki mwanga ufike kabisa. Kwa kuwa iko karibu na lensi ukingo wake utakuwa na ukungu, na ukungu huo ni rafiki yako. Barakoa ya kompyuta inakata kwa wembe ukingoni mwa jengo, kadibodi inameza uvujaji ulio nje yake. Isigusane na lensi wala isizibe tundu za hewa, maana projekta yenye nguvu huweza kuiunguza. Nimewahi kuona watu wakicheka nikitoa mkasi na kadibodi kwenye begi la kompyuta. Picha ikiwashwa hawacheki.

Ukuta wa pwani si skrini

Maandishi mengi ya kazi hii yametungwa na watu wenye kuta za Ulaya: mawe yaliyochongwa, rangi ya malai, hakuna mti mbele. Sisi tuna mawe ya matumbawe. Jiwe la matumbawe lina vishimo, linameza mwanga, na ukilimulika kutoka pembeni kila kishimo kinatoa kivuli chake. Ukilipaka chokaa ni jambo lingine, linarudisha mwanga vizuri mno. Jengo la zamani mara nyingi lina yote mawili, lipu ya chokaa iliyobaki hapa, jiwe tupu pale. Kwa hiyo barakoa ya nyeusi na nyeupe tu haitoshi. Penye chokaa unaweka kijivu ili mwanga upungue, penye jiwe unaacha nyeupe, na macho yanaona ukuta mmoja.

Makuti ndiyo adui mkubwa. Paa la makuti ni la kahawia, lina nyuzi, halishiki picha. Ushauri wangu ni kulifunga lote kwa nyeusi na kulisahau. Na miti je? Minazi na mivinje iliyo mbele ya ukuta haikai mahali pamoja. Wakati wa kusi kuti la mnazi linapita mbele ya picha yako kama mkono wa mtu anayefukuza nzi. Barakoa inayofuata ukingo wa kuti ni kazi bure. Chora mpaka mpana unaobeba nafasi yote ambayo kuti linafika likiyumba, kisha laini ukingo. Ndiyo, umepoteza kipande cha ukuta. Afadhali.

Faida moja tunayo, tuitumie. Huku kwetu, nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:45 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Wenzetu wa Ulaya wakati wa kiangazi hungoja karibu usiku wa manane ndipo walinganishe pembe. Sisi saa moja na robo jioni tuko kazini.

Mwanga usiende wapi

Mpaka hapa nimezungumza kama fundi. Sasa nazungumza kama mwenyeji, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Kila barakoa ni uamuzi wa mahali mwanga usipofika, na uamuzi huo haumo kwenye programu yoyote. Anayeujua ni mkaazi.

Chukua ufuo. Kasa hutaga mayai kwenye mchanga wetu, Diani ikiwamo, na vitoto vinapotoka usiku huelekea upande wenye mwanga zaidi, kwa sababu tangu dunia iumbwe upande huo ulikuwa bahari. Ukirusha luksi 60 kwenye ukuta mweupe unaotazama bahari, ukuta huo unakuwa bahari yao. Watatambaa kuelekea baa yako, na asubuhi kunguru watakuwa wameshiba. Kuifunga sehemu inayomwagika mchangani hakutoshi, kwani ukuta wenyewe unang'aa. Kiota kikiwa karibu na kimefika siku zake, barakoa sahihi ni ya nyeusi tupu, yaani kuahirisha. Watu wa uhifadhi wa kasa wanajua viota viko wapi. Kuwauliza ni sehemu ya kazi ya barakoa, kama vile kupima umbali.

Chukua mbuyu. Kila mwenye hoteli anataka mbuyu wake uwake, na ninamwelewa, hakuna skrini yenye sura kama ile shina. Lakini ua la mbuyu hufunguka jioni, na mgeni wake ni popo anayelichavusha gizani. Kwenye msimu wa maua, vika shina mwanga ukipenda, lakini funga matawi yote. Na mbega wetu, wale weusi wenye mabega meupe ambao barabara ya Diani imewekewa madaraja ya kamba juu yao, wanalala mitini usiku. Tawi wanalolala si ukumbi wa sinema.

Chukua Kaya Kinondo. Kaya za Wamijikenda ziliandikwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, na Kinondo ni mojawapo. Mgeni anayeingia hufungwa kaniki, na huongozwa na mtu wa kaya anayemwambia hapa piga picha, hapa usipige. Ukiniuliza mimi, ile kaniki na yale maneno ni barakoa ya kale kuliko zetu zote: hapa panaonekana, hapa hapaonekani. Msitu ule hauhitaji projekta, wala ukingo wake.

Na mwisho Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini, kaskazini mwa Diani, katikati ya mibuyu. Wanahistoria wanaukadiria kuwa wa karne ya 14 au 15. Umejengwa kwa matumbawe, una kuta nene, na bado unasaliwa. Mara mbili nimeulizwa kama "ingependeza" kuuvisha mwanga. Nitajibu hapa mara moja. Kama kazi ya ufundi, ingependeza sana, umbo lake ni dogo na la kupendeza, barakoa yake ningeichora kwa saa mbili. Kama mwenyeji, jibu langu ni hapana.

Kuna atakayeniambia kwamba Sharjah wana tamasha la mwanga tangu mwaka 2011 na wanarusha picha kwenye misikiti, ukiwamo Al Noor, na wale ni Waislamu kuliko mimi. Ni kweli, na ni pazuri, nami sina neno nao. Lakini Al Noor ulifunguliwa mwaka 2005, umesimama katikati ya mji mkubwa wenye taa, na wenye mji ndio walioamua. Kongo ni mahali ambapo mtu anakuja kuswali isha akisikia mto. Kama siku moja wanaosali pale wataitana, waseme tunataka, nitabeba kadibodi yangu. Mpaka siku hiyo wazo hilo likitoka kwa mwenye hoteli au kwa kijana wa kompyuta, akiwa ni mimi, barakoa ya Kongo ni nyeusi kutoka pembe hadi pembe.

Najua mtasema nini

Mtasema mtalii haoni tofauti. Anaiona. Hajui kuitaja tu. Mtu hajui kwa nini gauni halimkai mwilini, lakini anajua halimkai. Kile kinachomfanya mtazamaji ashtuke si uzuri wa video, ni ule wakati ambapo mstari wa mwanga unafuata pembe ya tao bila kukosea hata kidogo, na akili yake inakubali kwamba jiwe limesogea. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Video ni mlango.

Mtasema siku hizi akili bandia inakata barakoa kwa kubonyeza mara moja. Naitumia. Tangu Meta walipotoa Segment Anything mwaka 2023, kukata dirisha kwenye picha ni kazi ya sekunde. Lakini inakata picha uliyoipa, na picha hiyo ni ya jicho la simu. Pitisha kwanza ile milia ya Gray, igeuze picha iwe ya jicho la projekta, hapo ndipo uibonyeze. Na hata hapo itakukatia mbuyu vizuri sana bila kukuambia kwamba unachanua.

Mtasema mteja halipi usiku wa ziada. Hili ni la kweli na ndilo linaloniuma. Mteja hulipa video kwa sababu ameiona. Barakoa haionekani, na ikifanywa vizuri ndiyo haionekani kabisa. Ninachofanya ni kuiandika peke yake kwenye hesabu, mstari wake na bei yake: "Kupima na kuchora barakoa, usiku mmoja." Akiuliza ni nini, namweleza. Akikataa, namwonyesha ukuta kwa dakika moja bila barakoa na dakika moja nayo. Sijapata aliyekataa mara ya pili.

Basi tufanye nini?

Vijana wa Ukunda, Gazi na Msambweni wanaojua kompyuta wako wengi kuliko kazi zilizopo. Video nzuri hatutashindana nazo, zinatengenezwa kwa siku nzima na watu mia kwenye kompyuta ghali. Lakini barakoa ya ukuta wa Diani haiwezi kutengenezwa Nairobi wala Berlin, kwa sababu ukuta uko Diani. Hiyo ni kazi ambayo haiwezi kutumwa kwa barua pepe. Kwa nini basi sisi ndio tunaoitupa, tunakimbilia kununua maua ya kuota?

Tena tukishaishika barakoa, na picha itakuja. Pale Gazi kuna nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, yule Mmazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 hadi akavukia upande wa Wajerumani. Ukuta kama ule, wenyewe wakikubali, hauhitaji maua wala mabarafu. Una habari yake mwenyewe. Kijana aliyekaa usiku mzima akibonyeza ukingo mmoja mmoja wa jengo hulijua kuliko anavyojua chumba chake, na mtu anayelijua jengo hivyo hawezi kulivika upuuzi.

Kwa hiyo ukipigiwa simu Jumatatu kwamba harusi ni Jumamosi, usifungue duka la video. Nenda jioni ile ile na tochi. Tazama ukuta, tazama miti, uliza jirani analala saa ngapi, uliza kuhusu viota, uliza msikiti uko wapi. Kisha kaa chini uchore nyeusi kwanza. Kitakachobaki cheupe ndicho chako.

Maoni, matusi ya heshima na maneno bora kuliko "barakoa" nayapokea. Wiki ijayo, umeme ukiruhusu, nitaeleza msimbo wa ile programu ya msalaba mweupe.